Akullo, Sabuni na Mawe ya Emojong

Akullo alikuwa dobi wa kweli, si wale wa kuchovya shati na kulianika. Mwaka 1951, pale Tororo, alimfulia Mwingereza mmoja aliyekuja kupima mawe ya vilima. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo Bwana huyo, pamoja na vitabu vyake vyote, hakulijua: maji ya kisima cha pale ni sugu. Unasugua sabuni mpaka mkono unakufa ganzi, povu halitoki! Kwa hiyo alikinga maji ya mvua kwenye madebe, na nguo zake ziling'aa.

Bwana alikuwa na sanduku la kioo la samaki wadogo wekundu, wa kutazama tu. Ati wa kutazama! Watu walicheka sana. Samaki walivuliwa kwenye kinamasi cha Malaba, na kwenye maji ya kisima walikufa. Akullo akamshauri Bwana awape maji ya mvua yaliyolowekwa majani makavu hadi yawe na rangi ya chai, kama ya kule kwao. Haikugharimu kitu. Waliofuata wakanawiri, naye akakabidhiwa sanduku.

Hapo Emojong, mpishi, akaanza kununa. Miaka saba yuko jikoni, halafu mfua nguo ndiye anaitwa sebuleni! Akapanda kilimani, akaleta mawe meupe, akayapanga chini ya maji yapendeze. Bwana akafurahi. Baada ya wiki mbili samaki wakaanza kuelea, matumbo juu.

"Bwana, huyu mama naosha mikono na sabuni ndani ya hiyo maji," Emojong akasema. "Mimi naona na macho yangu."

Uongo mtupu! Akullo aliapa, akalia mbele ya watumishi wote, lakini Bwana hakuuliza mara mbili. Aliandika barua ya kumwachisha kazi: ametia sabuni, ameua samaki, asiaminiwe nyumbani. Siku hizo, ukiomba kazi kwa Mzungu, barua ya yule uliyetoka kwake ndiyo husomwa kwanza. Emojong alisimama mlangoni akipangusa mikono.

"Nenda salama, mama. Kazi ni nyingi."

Kazi ni nyingi! Maneno hayo hakuyasahau. Alizunguka Tororo nzima, akavuka mpaka hadi Busia ya upande wa Kenya, na kila nyumba ilisoma barua ikafunga mlango. Sokoni wakambandika jina: Muua Samaki. Naye alikuwa mjane, mwenye mama mkongwe wa kulisha. Akaapa kwamba jina lile atalivaa Emojong mwenyewe.

Asubuhi moja alikuwa akisafisha birika la mama yake, lililoshika ukoko mweupe wa maji ya kisima. Akaukamulia ndimu, kama alivyozoea. Ukoko ukatoa vipovu, ukalegea. Mikono yake ikasimama. Ukoko mweupe, mawe meupe! Akaenda kilimani kwa hatua za haraka, akaokota jiwe, akalikamulia ndimu: likatoa vipovu vilevile. Akajaza mawe hayo nusu debe, akamimina maji ya mvua, akayaacha siku kumi. Alipojaribu sabuni, povu likagoma.

"Nimekupata, we mshenzi," akasema, akacheka peke yake.

Hakukimbilia kwa Bwana. Alingoja. Samaki wengine wakaletwa, mtunzaji sasa ni Emojong, wakafa. Wengine tena, wakafa. Mwishowe Bwana, mwenye mgeni mkubwa wa kuja kuwatazama samaki wiki iliyofuata, akamtuma dereva wake Oundo amwite.

"Nitakuja," Akullo akajibu, "lakini watumishi wote wawepo, kama siku ile niliyofukuzwa."

Wakawepo. Akachota maji ya sanduku, akasugua sabuni: hakuna kitu. Akasugua kwenye maji ya mvua: povu tele. Kisha akatoa jiwe moja sandukuni, akalikamulia ndimu mbele ya pua ya Bwana.

"Bwana, hili jiwe ni ukoko wa birika. Linayeyuka taratibu, maji yanakuwa sugu, samaki wanakufa. Nani aliyaleta?"

Macho yote yakamgeukia Emojong. Bwana akawa mwekundu shingoni. Akasema atamwandikia Akullo barua mpya, amrudishe kazini, na mambo yaishe, kwani Emojong anapika vizuri.

"Hayajaisha," Akullo akasema. "Andika mbili, yangu na yake, au mgeni wako atatazama mawe bila samaki."

Bwana akaandika. Ya Emojong ilimwachisha kazi: ametia mawe, ameua samaki, amemsingizia mwenzake, asiaminiwe nyumbani. Akullo hakujua kusoma, na hakutaka kudanganywa, kwa hiyo Oundo akazisoma zote kwa sauti. Loo, utamu wa siku ile!

Miezi mitatu baadaye Emojong alimfuata kwenye beseni lake la kufulia nyuma ya nyumba ya Bwana, viatu vimetoboka.

"Dada, nakuomba, ongea na Bwana. Kila nyumba nafukuza mimi. Watoto nalala njaa."

Aliposikia watoto, kitu kilimsogea Akullo kifuani. Akakikandamiza. Akamkumbuka mama yake, aliyelala njaa vilevile. Akamimina maji ya mvua, akachukua sabuni, akajipaka polepole hadi viwikoni, povu likifurika, kisha akamnyooshea Emojong mikono yote miwili.

"Sabuni ndiyo hii, Emojong. Si uliiona na macho yako?" Akasuuza, akainamia nguo zake. "Nenda salama. Kazi ni nyingi."