Makumbi Chini ya Sakafu ya Mwanamisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa debe na kuonyeshwa kisima. Nyumba za wageni zilikuwa zikijengwa Diani, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kukimwagia kifusi. Nilidhani kifusi ni taka za kufukia shimo, kwa hiyo nilimwaga maji bila huruma mpaka msimamizi, bwana mfupi mwenye kofia ya kiua, akanizuia.

"Binti, hili limekuwa tope. Nani atasimamisha nyumba juu ya uji?"

Alinifundisha palepale. Kifusi ni udongo au mawe yanayoletwa kuinua ardhi hadi kimo kinachotakiwa, ili sakafu au barabara ipate pa kukaa. Si kila udongo unafaa. Tulioupenda ni maramu, ule mwekundu wenye changarawe, au mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Unamwaga tabaka la shubiri moja, unalowesha kidogo, unashindilia, ndipo unaleta tabaka jingine. Ukijaza shimo zima kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini patakuwa na uwazi. Kipimo cha maji kilikuwa kiganja: fumba udongo, fumbua. Ukishikamana bila kukuachia tope mkononi, uko sawa. Niliipenda kazi hiyo, wala sioni haya kusema.

Kutoka hapo nikahamia Msambweni, kwenye barabara, chini ya mhandisi mmoja kutoka bara asiyependa maneno mengi. Alichoma nondo kwenye kifusi kwa mkono. Ikizama kirahisi, alisema, "Rudia," akaenda zake. Nililichukia neno hilo miezi kadhaa, kisha nikaanza kulisema mimi mwenyewe. Alipohamishwa alinipendekeza kwa mkandarasi niwe mkaguzi wa kifusi. Madereva wa malori walionicheka nilipobeba debe sasa walinikwepa. Dereva aliyepakia udongo mweusi wenye mizizi akiniona tu, aligeuza lori mwenyewe.

Lakini mtihani wangu mkubwa haukuwa barabarani. Ulikuwa Gazi, kwa mdogo wangu Mwanamisi, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa amekaanga na kuuza vitumbua miaka mingi ili ajenge nyumba, na alijua hatapata nguvu za kujenga nyingine. Kiwanja chake kilikuwa bondeni karibu na mikoko, kwa hiyo msingi ulihitaji kujazwa sana. Akaitisha mweria, yaani majirani wakaja kumfanyia kazi siku moja bila malipo, naye akawapikia.

Mkwewe, Mzee Bakari, baba wa marehemu mumewe, alileta mikokoteni mitatu ya makumbi ya nazi kutoka shambani mwake, akayamwaga ndani ya msingi kwa mikono yake. Watu wakamshukuru. Juu ukatandazwa udongo wa maramu, ukashindiliwa, pakapendeza kabisa.

Nami nilinyamaza. Makumbi huoza, yakioza huacha uwazi, na sakafu hukatika. Nilijua hayo kuliko yeyote aliyekuwa pale. Lakini kwetu humwambii mzee mbele ya watu kwamba zawadi yake haifai, tena ni mkwe. Fundi wa zege alikuwa aje keshokutwa.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee Bakari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kukukosea adabu."

Nikamweleza yote. Nilipomaliza nikaogopa kwamba nimemharibia mdogo wangu ukweni kwake. Mzee akainuka, akaniita nimfuate hadi mlango wa chumba chake. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umewekewa jiwe. Akaliondoa, kitanda kikainama. Sakafu ilikuwa imebonyea pale kama sinia.

"Chumba hiki nilikijaza makumbi mwenyewe," akasema. "Na miaka yote hii sisemi na seremala. Nilimwambia kitanda alichoniundia kina mguu mfupi."

Sikuthubutu kucheka. Yeye ndiye aliyeanza.

Siku hiyohiyo aliwaita majirani tena, akasimama juu ya msingi. "Jana nilileta kitu kibaya kwa nia njema," akawaambia. "Nisaidieni kukitoa." Akawa wa kwanza kushika jembe. Seremala naye alikuja. Sikusikia walichoambiana, ila niliwaona wakichimbua upande mmoja. Makumbi yakaenda kuwa kuni, nasi tukajaza upya kwa maramu, tabaka kwa tabaka, na safari hii nilikagua bila kumwonea mtu haya. Kona mbili zilirudiwa.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza ni barabara ipi niliyoijenga, nami huwapeleka kwa Mwanamisi. Huwa hawaoni cha ajabu. Ni sakafu ya saruji tu, haina ufa, na mvua za miaka mingi imezistahimili. Mchana wa joto Mwanamisi hutandika mkeka hapo chini akalala, na husema hakuna usingizi mtamu kama wa humo ndani. Nafurahi kila nikimkuta amelala. Kisha mimi huwaambia vijana ukweli wenyewe: sakafu hiyo nilitaka kuiacha ivunjike, kwa kuona haya tu.