Herufi Nne Mgongoni mwa Kijiko

Mnunuzi wa vyombo vikuukuu, ninayechangia naye chumba cha kazi, yeye na lenzi yake, mimi na saa zangu mbovu, hamtazami mtu usoni. Kijiko hukigeuza, akakipulizia pumzi mgongoni, akakisugua kwa kidole gumba, ndipo atafute alama ya mtengenezaji. Akizikuta zile herufi nne, EPNS, alama ya chombo kilichopakwa fedha juu tu, hukirudisha mezani kifudifudi. "Kimepakwa." Basi, umeshafukuzwa.

Jana alikuja dada yake. Wamenuniana tangu mazishi ya mama yao, miaka tisa sasa, siku dada aliposomba vijiko vyote vya marehemu. Jana hiyo alivifungua mezani petu. Mnunuzi hakugusa hata kimoja.

"Vimepakwa."

"Hujaangalia, kaka."

"Nimeviosha utoto wangu wote. Herufi nazijua."

Dada akaketi. "Kwa hiyo ulijua. Ukaniacha niitwe mwizi na ukoo mzima kwa vitu visivyo na thamani?"

Hapo mnunuzi akachukua kijiko kimoja, akakipulizia pumzi, akakisugua taratibu.

"Wewe ulidhani ni fedha halisi, ukaiba fedha," akasema. "Vilivyopakwa ni vijiko."