Salamu Nilizozificha

Juzi, kwenye maonyesho ya nyaraka za kale, niliona barua za mfanyabiashara Mmarekani wa zamani aliyekuwa akileta vitambaa pwani. Ukurasa mzima ni habari za marobota, kisha chini kabisa anamuuliza mkewe kama mtoto amepona homa.

Nikakumbuka alasiri moja nyumbani Bofu. Baba alikuwa Pemba akinunua karafuu, na barua yake ilinukia hizo karafuu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, mtoto mkubwa.

"Umefika mahali anapotutaja?"

"Bado, mama. Ni magunia tu."

"Babako na magunia yake! Haya, soma."

Sisi tulitajwa kwenye mstari wa mwisho. Nilidhani baba ametupanga kwa kadiri anavyotupenda. Sikujua kwamba mtu huanza na lililo rahisi kusema.

Mama akaniambia niandike jibu.

"Umetia salamu za wadogo zako?"

"Nimetia, mama."

Nilikuwa nimejibu ya magunia peke yake. Mama aliikunja barua kwa vidole vyenye harufu ya kitunguu, akatabasamu.

Baba alifia hukohuko Pemba kabla hatujamwandikia nyingine. Mama naye akamfuata, nikaacha shule niwalee wadogo. Wao huniuliza kama baba aliwakumbuka, nami huwajibu kuwa ndiyo. Hawajaniuliza kama alijua kwamba tulimkumbuka.