Bunduki ya Babu Niliyoisugua kwa Msasa

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika sururu kuliko kalamu, kwa hiyo naandika polepole na nafuta sana. Umri wa kumwita mtu mwanangu bado sijaufikia. Lakini ninao wadogo zangu wengi, wa hapa kisiwani Mfangano na wale tunaochimba nao dhahabu kule Osiri, na jambo nililofundishwa nikiwa na miaka kumi na tisa sipendi mlijifunze kwa njia niliyopitia mimi.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya nne baada ya kumzika babu. Babu yangu alikuwa na bunduki. Haikuwa ya wizi wala ya kufichwa. Ilikuwa na cheti, na upande wetu wote wa kisiwa uliijua. Ujanani mwake aliajiriwa kufukuza viboko waliokuwa wakimaliza mahindi ya watu kando ya ziwa, na mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipoondoka nchini alimwachia bunduki ile kwa barua yenye muhuri. Uwindaji ulipokatazwa, babu hakuipiga tena. Aliitunza tu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akitoka kanisani, aliketi mlangoni na kitambaa chake na kichupa cha mafuta, na sisi watoto tulikatazwa hata kuiruka kwa mguu.

Sasa babu hayupo, na chifu alikuwa amemweleza dani, ndiye nyanya yangu, kwamba cheti cha marehemu hakirithiwi. Jumatatu bunduki ipelekwe kituo cha polisi. Ikiwa namba yake inalingana na cheti na bunduki yenyewe ni nzima, baba mdogo angeweza kuomba cheti kwa jina lake. Ikiwa ina mashaka, ingewekwa pamoja na zile zinazokusanywa zichomwe moto. Dani alilichukua neno hilo vibaya kuliko tulivyotarajia.

"Nimeshazika mtu," alisema. "Sitaki kusikia bunduki yake imechomwa na za majambazi."

Ndipo akatuma ujumbe Ntimaru kwa Mzee Chacha, rafiki wa babu wa miaka mingi, Mkuria aliyekuwa fundi wa bunduki za askari wa wanyamapori kabla ya kustaafu. Mzee Chacha angekuja Jumamosi kutoa pole na kuitazama. Asubuhi ya Ijumaa dani akanipa bunduki, akabaki na bolti yake, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ambacho tangu zamani alikifungia kwenye sanduku la nguo zake. Akaniambia niipanguse vumbi. Neno lake lilikuwa hilo tu, kupangusa.

Wadogo zangu mnaochimba mtanielewa. Kule Osiri kitu cha thamani hutoka kichafu. Jiwe linasagwa, linaoshwa, linaoshwa tena, na kile kinachong'aa mwisho ndicho tulichokuwa tunatafuta. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka miwili na sikujua namna nyingine ya kupima uzuri. Niliitazama bunduki ya babu nikaona chuma cheusi kilichofifia na mbao iliyokolea kama chai iliyolala, nikasema moyoni mwangu, polisi wakiiona hivi wataichoma. Ningeweza kumuuliza dani. Lakini mimi ni mtu wa aibu, na kuuliza kulinipa shida kuliko kufanya kazi ya siku nzima.

Nilienda nyuma ya nyumba na msasa, maji na sabuni ya unga. Nilisugua mtutu mpaka ukawa mweupe kama kijiko kipya. Nilipofika karibu na nyuma, palipokuwa na namba na alama ndogo ndogo, nilisugua kwa nguvu zaidi ili zisomeke vizuri. Mbao niliiosha kwa sabuni, nikaianika juani. Jioni niliiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaifurahia. Tarakimu ya mwisho ya namba ile na iliyoitangulia zilikuwa zimepotea, na mimi sikuona.

Mzee Chacha alifika kesho yake saa nne. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole vipana. Alimpa dani mkono, wakalia kidogo, kisha wakaanza kutaniana kama walivyozoea. Dani akamwambia amezeeka mpaka masikio yamekuwa makubwa kuliko kichwa. Nilipoileta bunduki, mzee aliipokea. Alipitisha kidole gumba kwenye mtutu toka mbele mpaka nyuma. Akaigeuza. Akainusa mbao.

"Nani ameoga na hii bunduki?" aliuliza.

Nilisema ni mimi. 

"Nyinyi watu wa ziwa mnaosha hata kisichooshwa," alisema.

"Na nyinyi wa milimani hamuoshi hata kinachonuka," dani akamjibu, lakini alikuwa anautazama uso wa mzee, naye akaona hakuna kicheko. "Chacha, ni nini?"

Alimweleza polepole. Kule kufifia nilikokuona ni ngozi ya chuma, imepikwa na fundi huko ilikotengenezwa ili kutu isiingie, nami nimeichuna. Na tarakimu mbili za namba hazipo. Polisi akikuta bunduki iliyofutwa namba haulizi kama ni msasa wa mtoto mjinga au tupa ya mwizi.

Dani alikaa chini kwenye mkeka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mzee Chacha naye hakupaza sauti. Alinivutia kigoda karibu na chake, akaniambia, "Kijana, umeharibu kitu usichokijua. Sasa kaa ukijue."

Nilikaa mpaka adhuhuri ikapita, na mpaka leo sijafundishwa vizuri namna ile. Alinionyesha mbao kwanza. Ni ya mti unaoitwa mjozi, usioota kwetu, na pale penye shingo nyembamba mistari ya mti inafuata shingo, haiikati, kwa sababu aliyeichonga alilichagua gogo akijua hapo ndipo bunduki huvunjika. Ile michoro ya mistari inayokatana, ya kushikia, ilichongwa kwa mkono, mstari kwa mstari, na nilipoitazama karibu nikaona mahali mmoja ulipokuwa umepinda kidogo sana. Alinionyesha skrubu, jinsi mifereji ya vichwa vyake vyote ilivyolala upande mmoja. Kisha akamwomba dani bolti, akaiingiza, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikateleza kimya, ikafunga. Bunduki ile ilikuwa imetuzidi umri sote tuliokuwa pale, na chuma hakikucheza hata kidogo.

Mwisho akaitoa bolti, akaniambia nichungulie ndani ya mtutu nikiuelekeza kwenye mlango. Wadogo zangu, sijui kuandika nilichokiona. Mifereji ilizunguka, ikaenda mbali, safi, inang'aa kwa mwanga wa ziwa, pete baada ya pete mpaka kwenye duara dogo la anga. Nje babu aliacha pazeeke. Ndani hakuruhusu hata doa.

"Hiyo ndiyo kazi ya babu yako," alisema Mzee Chacha. "Jumapili zote zile."

Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti bisibisi aliyoinoa mwenyewe, ncha yake ikiingia kwenye skrubu bila nafasi. Alifungua mbili, akainua mbao taratibu. Chini ya mtutu, mahali pasipofikiwa na jua wala msasa, namba ilikuwapo yote. Alisema mafundi wale wa zamani hawakuamini sehemu moja. Waliipiga namba kwenye bolti pia, na tukaikuta. Dani aliomba zisomwe mara tatu huku cheti kikiwa mkononi mwake.

"Namba imepatikana," mzee akaniambia akirudisha mbao. "Lakini ile uliyofuta, ni nani atakayeieleza Jumatatu?"

Jumatatu tulikwenda watatu, mimi, baba mdogo na Mzee Chacha. Askari wa zamu aliutazama mtutu, akamwita mkubwa wake, naye akauliza nani amefuta namba hii. Baba mdogo alianza kusema kwamba ni uzee wa chuma. Nilimkatiza.

"Si uzee. Ni mimi niliyesugua kwa msasa, nikidhani naisafisha. Namba nzima ipo chini ya mbao."

Waliniweka kando, wakaniuliza maswali yale yale mara nyingi, wakaandika yote, nami nikatia sahihi. Kisha mzee akafungua mbao mbele yao. Mkubwa wa kituo alilinganisha, akachungulia ndani ya mtutu kama nilivyofanya mimi, akakaa hivyo muda mrefu. Akawaita askari wawili vijana waje waone.

Cheti cha baba mdogo kilitoka baada ya miezi mingi. Mzee Chacha alinifundisha kuilisha mbao mafuta ya kitani, kidogo kidogo, na rangi yake imerudi karibu yote. Mtutu haukurudi, na aliniambia hautarudi.

Basi nawaambia hivi, wadogo zangu. Ukiachiwa kitu na waliokutangulia, kijue kabla hujakitengeneza. Uliza kimetoka wapi, nani alikitunza na kwa nini alikiacha kama kilivyo, hata kama kuuliza kunakuchoma uso. Na ukishakiharibu, sema mwenyewe, mapema, mbele ya anayehusika.

Mungu awape macho ya kuona kazi ya mikono ya watu wengine, na awaachie wazee wenu siku za kutosha mpate kuwauliza.

Nami nawaomba mniandikie. Nielezeni kitu cha zamani kilichopo nyumbani kwenu, kiwe jembe, redio au cherehani, na aliyewafundisha kukitunza. Hata mistari mitatu inatosha. Nitamjibu kila mmoja, ingawa nitachelewa.