Mashine Iliyomwita Magesa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira upya, kwa hiyo vumilia ukinisikia nafoka. Juzi umekuja hapa Nyasho na kompyuta yako mgongoni, hata chai hujamaliza, ukaniambia, "Mzee, nipe zile kanda zako za litungu, nikatekate vipande nitengeneze biti." Ulisema hivyo kana kwamba unaomba muhogo. Sikukujibu, maana ningekujibu vibaya. Leo nimepoa kidogo, basi kaa nikueleze kanda moja kati ya hizo ilinifikisha wapi.

Ujanani nilikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni hakuna, sukari hakuna, na betri za radio tulikuwa tunazianika juu ya bati kama dagaa ili zipate nguvu kidogo. Padre mmoja mgeni aliniazima jarida lililoeleza habari za watunzi wa Ulaya waliokuwa wanakata kanda za sauti kwa wembe, wanaziunga, na kutunga muziki kwa vishindo vya milango na mitambo. Nilisoma hadi karatasi zikalegea. Nikasema, kama wao wanafanya hivyo kwa mlango, mimi nitafanya kwa litungu, chombo chetu cha nyuzi nane. Wanakwaya wenzangu waliniuliza kitu kimoja tu: katika muziki huo besi ataimba wapi? Watu wa namna hiyo unawajibu nini?

Basi nikachukua radio ya kaseti nikaenda Butiama kwa Mzee Wambura, mpiga litungu asiye na mfano. Kumrekodi yule mzee yalikuwa mateso. Alikuwa na desturi ya wapigaji wa zamani: haanzi wimbo mpaka amewaita waliokaa pale, mmoja mmoja kwa jina, na kila anayeitwa aitike na kueleza alivyoamka. Wote wakishaitika ndipo wimbo unaanza. Mimi nilitaka arudie wimbo uleule ili niuchunguze.

"Mzee, rudia kama mwanzo," nikamwomba.

"Mwanzo mlikuwa wanne," akasema. "Sasa ameingia na Magesa. Nitarudiaje kama mwanzo?"

Magesa alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mchunga ng'ombe, mtu wa mzaha na kikohozi kisichoisha. Nilitamani kumtoa nje. Wambura akamwita palepale, kwa sauti ambayo mpaka leo sijasikia nyingine kama ile: "Magesa wa Nyangeta, umefika? Sema ulivyoamka!" Magesa akaitika huku anakohoa na kucheka, radio ikabeba vyote. Halafu Wambura akaigeukia ile radio. "Na hao watakaonisikia humo ndani, wanaitwaga nani?" Nikamwambia siwajui. Akatikisa kichwa. "Sasa nawasalimiaje?"

Niliona ananipotezea betri. Kijana haoni mbali, huona betri tu.

Baadaye ikaja ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa kuingia. Maduka ya Iringo hapa mjini yakajaa kanda tupu na betri mpya, na kwaya yetu ikachanga ikapata kinanda cha umeme. Nikasema sasa wakati wangu umefika. Kufikia hapo Magesa alikuwa amekwisha kufariki, homa ilimchukua. Nikakata kwa wembe ule wito wa Wambura, nikaunga mwanzo na mwisho kwa selotepu, kanda ikawa duara linalozunguka bila kukoma, na kinanda kikipita chini yake. Jibu la Magesa nililiondoa, kwa sababu kile kikohozi kilivuruga mapigo. Vipande vyote nilivyokata nikampa mama yangu kule Nyegina, akavitandaza juu ya mtama wake kufukuza ndege. Ndivyo watu wote walivyofanya na kanda mbovu, wala usinikodolee macho.

Kazi hiyo ilikuwa ipigwe kwenye tamasha la kwaya Bunda, Wambura mwenyewe akiwa jukwaani na litungu lake kando ya mashine ya kuchezea kanda. Bila yeye hakuna kitu. Wiki ile ya tamasha nikaenda Butiama kumsikilizisha. Nikamkuta sebuleni na wageni, na mmoja wao alikuwa Bibi Nyangeta, mjane wa Magesa. Sikujiuliza mara mbili. Nikawasha.

"Magesa wa Nyangeta, umefika? Sema ulivyoamka! Magesa wa Nyangeta, umefika? Sema ulivyoamka! Magesa wa Nyangeta..."

Nyangeta hakulia, mwanangu. Angelia ingekuwa afadhali. Aliiangalia ile mashine kama mtu anayeangalia mtoto mtundu wa jirani. "Mbona mnamwita hivyo na hamtaki kumsikia?" akauliza. "Alijibu. Mimi nilikuwaga jikoni, nilimsikia. Sauti yake iko wapi?"

"Nimeikata, mama."

"Umeiweka wapi?"

Ningedanganya, lakini ulimi ulinigomea. Nikamwambia iko shambani Nyegina, juu ya mtama.

"Mume wangu anafukuza ndege?" akauliza. "Akiwa mzima nilimwomba kila msimu afukuze ndege, akakataa."

Wageni wakacheka, kisha wakaona aibu. Wambura hakucheka. "Zima hiyo kitu," akasema. "Mimi nilimwita Magesa, akaitika, ndiyo nikapiga. Wewe umenifanya kichaa anayeita tu. Mtu aliyekufa unamwita namna hiyo mbele ya mke wake? Bunda siendi."

Nilichukia. Nasema kweli, nilichukia, na bado naona mzee yule alikuwa mkaidi kuliko punda. Nilimweleza habari za watunzi wa Ulaya, nikamweleza muziki wa kisasa hauna mwanzo wala mwisho. Akaniuliza kama hao watu wa Ulaya hawana wajane. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa hilo tamasha. Kesho yake nikaenda Nyegina kuzifungua zile kanda kijiti kwa kijiti, mama akinifokea nyuma kwamba mtama wake unaliwa. Jua na mvua vilikuwa vimezimaliza. Nilizijaribu zote kwenye radio, hazikutoa kitu. Kipande kimoja tu kilikuwa na mvumo, shhh, shhh, na ndani yake mikwaruzo miwili mitatu. Siwezi kuapa kwamba ni Magesa. Nikakiunga palepale nilipomkata, baada ya wito, kama kilivyo. Mapigo yangu yote niliyoyapanga yakaharibika. Nilisonya usiku kucha nikiyapanga upya.

Nikarudi Butiama. Wambura akasikiliza: wito, kisha ule mvumo. "Hapo angalau umempa nafasi," akanung'unika. "Nitakuja. Lakini wito usipoitikiwa, sipigi." Nikamsihi Nyangeta aje tufanye mazoezi ya kuitikia. Akakataa. Alisema hajawahi kufanya mazoezi ya kumjibu mtu aliyemwita mumewe.

Bunda Nyangeta alifika amechelewa, watu wamejaa, umeme umekatika mara moja na kurudi. Nikawasha. "Magesa wa Nyangeta, umefika? Sema ulivyoamka!" Ukafuata ule mvumo. Wambura ameshika litungu, vidole viko juu ya nyuzi, hapigi. Wito ukarudi, mvumo ukarudi, mzee hapigi. Kwaya nzima inanitazama, nami nimelowa jasho, nawalaani wazee wote wa Mara moyoni.

Ndipo Nyangeta akasimama kule nyuma, kitenge kimemteleza begani.

"Ameamka salama, Wambura," akasema. "Anakohoa tu, kama unavyomsikia. Piga."

Wambura akapiga. Niliacha kinanda, nilisahau zamu yangu, na hakuna aliyegundua.

Sasa sikia. Kanda utazipata, sizipeleki kaburini. Fanya nazo huo muziki wenu, zungusha, punguza, ongeza, mimi si adui wa mashine, nimezipenda kabla baba yako hajaoa. Ila ndani ya kanda hizi kila wimbo una watu walioitwa kwa majina. Nenda kawatafute, au wana wao, uwaambie unachotaka kufanya. Kuuliza si ujinga. Na popote mtu anapoitwa, usimkate anapojibu, hata akiharibu biti lako. Akikohoa, mwache akohoe. Mimi nilikata jibu moja kwa wembe, na sauti ya Magesa haipo tena popote duniani.

Maliza chai yako kwanza. Kisha nenda, na Mungu akupe mashine nzuri, umeme usiokatika, na ukiita, awepo wa kukuitikia.