Brashi Nyeupe za Meza ya Pweza

Mwanakombo alikuwa mtu wa usafi tangu kijijini kwao Ziwani, na hakuwa mnyenyekevu kwa hilo. Akiingia nyumbani kwa mtu, macho yake yanakwenda kwanza kwenye mtungi, kisha kwenye vikombe, ndipo akusalimie. Kwa hiyo kiwanda kidogo cha pweza kilipofunguliwa Mtwara mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na yeye kufanywa msimamizi wa wanawake wa kuosha, hakuna aliyeshangaa. Mwenyewe alishangaa tu kwamba wamechelewa kumwita.

Kazi ilikuwa na mpango wake. Meza zinamwagiwa maji, zinasuguliwa kwa sabuni na brashi mpaka ute wa pweza utoke wote, zinasuuzwa, ndipo zinapigwa klorini. Ute ukibaki, alieleza meneja Filipo, vijidudu vinajificha chini yake na klorini inapita juu bila kuvigusa. Mwanakombo alilielewa hilo vizuri sana. Tusije tukamtetea kwamba hakufundishwa.

Balaa lilianza zilipoletwa brashi mpya, nyeupe na ngumu. Tatu, mmoja wa waoshaji, akasema amesikia sokoni kwamba zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Wanawake wakaziweka chini papo hapo. Lilikuwa jambo la kuuliza swali moja likaisha. Lakini Mwanakombo aliona haya kumtajia meneja habari za nguruwe, na zaidi ya hapo hakupenda ijulikane kuna kitu cha usafi asichokijua. Akazitia brashi kwenye gunia, akalificha nyuma ya stoo, kisha akawaletea wenzake makumbi ya nazi, yale yale ya kusugulia masufuria nyumbani.

Aliyebaki na brashi ni Celia peke yake, Mkristo wa kijiji cha Mahurunga ambaye wazazi wake walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Alipofungua mdomo aseme neno, Mwanakombo alimkatiza.

"Wewe baki na yako, mwanangu. Haya hayakuhusu."

Makumbi yalisugua, ni kweli, na meza zikang'aa. Lakini yalishinda na kulala mabichi ndani ya ndoo, yamejaa ute wa jana, na kila asubuhi yaliurudisha mezani. Haukupita muda pweza wakaanza kunuka hata kabla ya kugandishwa, na mzigo mzima ukatupwa. Filipo akapitisha vijiti vya pamba juu ya kila meza iliyokwisha kuoshwa na kuvipeleka maabara Dar es Salaam. Majibu yalipokawia, akamwita Mwanakombo ofisini amwambie ni nani haoshi sawasawa.

Ofisi ilipakana na stoo, na gunia lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule alioegemea. Angeweza kulitaja.

"Pweza wote wanapitia meza ya mwisho," alisema, akiangalia chini.

Meza ya mwisho ilikuwa ya Celia. Akaambiwa arudi kwao. Alikunja aproni yake vizuri, akaaga kila mtu, hata Mwanakombo. Mwanakombo alijiambia hajasema uongo, maana pweza walipita pale kweli. Alijiambia hivyo mara nyingi, na hakupata usingizi wa maana.

Kisha majibu yakaja, Filipo akayasema mbele ya wote. Bakteria wa kuozesha walijaa kwenye meza zote. Iliyokutwa safi ni moja tu, ya mwisho. Tatu akamtazama Mwanakombo, halafu akageuza uso haraka, na huko kugeuza uso ndiko kulikomuumiza zaidi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Akalitoa gunia mwenyewe, akaliweka miguuni pa Filipo, akaomba ruhusa aende Mahurunga.

Alimkuta Celia uani anamenya mihogo. Akamweleza yote akiwa amesimama, makumbi, gunia na maneno ya ofisini, maana aliona hastahili kukaa.

"Niliogopa ile najisi, mwanangu. Lakini wewe nilikuuza kwa kuogopa aibu yangu."

Celia aliendelea kumenya.

"Si nguruwe zile, mama. Siku ile ile niliunguza unyoya mmoja jikoni. Manyoya ya mnyama yangenuka. Ule uliyeyuka tu, plastiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema hayanihusu."

Mwanakombo alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Celia akafuta mikono, akasogeza kigoda, akaingia ndani na kutoka na kikombe cha maji. "Kaa, mama. Umetoka mbali."

Mwanakombo akakaa. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa bila kuangalia ndani.