Tangazo la Miza na Kadi ya Sauti Iliyofungwa

Siku ya kwanza kuingia kazini nilivaa buibui jipya na viatu vilivyonibana, nikapanda ngazi za nyumba ile ya Mji Mkongwe mpaka ghorofa ya juu kulikokuwa na kituo chetu cha redio. Chini palikuwa na duka la vitambaa. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha umeme wa mawasiliano, najiona nimefika. Mkuu wa Mitambo alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia, akanipa kitambaa na chupa ya spiriti. Kazi yangu ikawa kusugua vichwa vya mashine za rili. Rili ni ule mkanda wa sauti unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Kichwa kinachousoma kikiingia vumbi, sauti hutoka kama mtu anasema ndani ya mtungi. Nilisugua mpaka vidole vikanuka spiriti mezani kwa mama yangu, naye akaniuliza kama nimeajiriwa redioni au hospitali.

Vijana mnaonijia sasa kutaka niwaelezee kazi ya programu mnadhani nilianzia kwenye kompyuta. Wapi! Nilianzia kwenye kitambaa. Lakini yule mzee alinifunza jambo ambalo sikulikuta tena kwenye kompyuta yoyote. Mashine za rili zilikuwa chache na sisi wengi. Ukitaka mashine ulisimama mlangoni ukauliza, "Ina mtu?" Aliyeishika akijibu, "Ina mtu, subiri," au, "Nnakuachia, njoo." Haikutokea hata siku moja mtu akaishikilia mashine akaondoka bila kusema.

Kompyuta zilipoingia, Mkuu wa Mitambo akastaafu, akaja Mhandisi Mkuu, kijana aliyesoma nje, mpole, mwenye haraka ya kila kitu. Yeye ndiye aliyenipeleka kozi Dar es Salaam nikajifunza kuandika programu. Niliporudi akanikabidhi matangazo ya vifo. Mtu asiyekulia Unguja hawezi kuujua uzito wa kazi hiyo. Maiti hapa hailali. Anayefariki alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri, na jamaa zake wametawanyika, huyu Makunduchi, yule Nungwi, mwengine yuko shamba na simu kaiacha ndani. Redio ndiyo iliyowakusanya. Kila asubuhi Maalim, msomaji wetu wa vifo, alirekodi matangazo kwa sauti yake ile nzito. Watu hawakuamini kifo mpaka wamsikie Maalim. Programu yangu iliyapanga kwa zamu na kuyatoa hewani kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo balaa lilipoingia. Siku moja, wakati wa adhana, fundi wa zamu alikosea, wimbo wa taarab ukapanda juu ya adhana. Simu zililia mpaka jioni. Watu wengine walifika chini ya ngazi wakitaka kumuona mkubwa. Mkurugenzi wetu, mtu muoga wa maneno ya watu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, akatetemeka. Akamleta mtaalamu wa mkataba atuandikie programu ya adhana, akamwambia maneno haya mbele yangu: "Nataka ikishika, isiachie mtu. Hata mimi."

Yule mtaalamu akafanya alivyoambiwa. Ndani ya kompyuta mna kifaa kiitwacho kadi ya sauti, kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti ya kwenda mitamboni. Programu yoyote inayotaka kulia lazima iiombe kadi hiyo. Kuna kuomba kwa kushirikiana, ambapo programu mbili zinaweza kupiga pamoja, na kuna kuomba kwa kujifungia, ambapo moja inaingia na kuweka komeo. Ni kama choo cha nyumba ya kupanga: aliye ndani akishabana komeo, wewe wa nje utagonga weee. Programu ya adhana iliingia dakika kadhaa kabla ya wakati, ikajifungia, ikakaa kimya ndani mpaka wakati ufike. Programu yangu ikiomba wakati huo ilijibiwa kuwa kifaa kinatumika na programu nyengine. Basi. Haikuambiwa ni nani, wala ataondoka saa ngapi.

Na ule ukimya wa dakika chache kabla ya adhana wasikilizaji waliupenda. Walisema redio yetu ina adabu, inanyamaza kabla ya wito. Mkurugenzi akasifiwa hata msikitini, akavimba kichwa.

Mimi niliona mapema hatari iliyokuwepo. Adhana inafuata jua. Matangazo yangu yalifuata saa ya ukutani, kwa amri ya ofisi, ili wasikilizaji wajue saa yao. Miezi ya vuli adhuhuri huingia mapema kuliko miezi ya kaskazi, kwa hiyo ile nafasi baina ya matangazo na adhana hupungua. Vifo vikiwa vingi, tangazo la mwisho litakuta komeo. Nikamwendea Mhandisi Mkuu, tukafikiri pamoja. Programu yangu nilishaifundisha kusubiri na kugonga tena, na kuandika maneno mekundu kwenye kioo cha kompyuta ikikataliwa. Lakini ikisubiri inasubiri mpaka adhana iishe, na adhana ikiisha hotuba ya dini ya kila siku inaingia, na hotuba ikiisha jamaa wameshachimba kaburi. Na hayo maneno mekundu nani ayasome? Wakati huo studio nzima iko bombani inatia udhu. Mtangazaji, fundi, mimi mwenyewe. Kompyuta tuliiachia chumba peke yake kila siku, na hatukuona ubaya, kwani tulikuwa tunakwenda kusali.

Kuiua ile programu ya adhana kwa nguvu ningeweza, ni amri moja tu. Lakini ukiiua, adhana haitoki, na mimi si mtu wa kufanya hivyo. Dawa ilikuwa kuifungua na kuifundisha iulize kwanza kama kuna mwenye haja, imalize naye, ndipo ijifungie. Tukapeleka shauri kwa Mkurugenzi. Alinisikiliza akichezea kalamu yake, kisha akasema, "Bi. Rahma, umesema vizuri. Adhana usiiguse."

Ilikuwa siku ya mvua za vuli alipokuja kwetu mwanamme mmoja, nguo zimemrowa, macho mekundu. Jina lake Khamis. Mama yao alifariki alfajiri hospitali, maziko alasiri Mwanakwerekwe, na dada yake Miza yuko Kiwengwa. Miza alikuwa mkulima wa mwani, na maji yakitoka wanawake wale huingia kwenye mashamba yao ya baharini tangu asubuhi, simu hubaki nyumbani. Khamis alimpigia hakupata. Alimpigia na mwenye duka wa pale ufukweni, ambaye redio yake huwa inalia kutwa, akamwomba amwangalie akitoka majini. Na sasa amekuja kwetu. Hakutaka jengine ila Miza amuwahi mama yake kabla hajafunikwa uso, maana Miza alikuwa kitinda mimba, na yeye na mama walikuwa wameagana vibaya.

"Atasikia, Bibi?" akaniuliza.

"Atasikia," nikamwambia. "Nenda kashughulikie sanda."

Siku ile vifo vilikuwa vingi, na la Miza lilikuja mwisho, likapangwa mwisho. Maalim alilisoma vizuri. Nililiweka mwenyewe kwenye zamu, nikaangalia saa, nikahesabu moyoni, nikaona litapita kwa tundu la sindano. Sikuhesabu kwamba salamu anazozitoa mtangazaji kabla ya vifo zitarefuka, vifo vianze vimechelewa. Nilipokuwa bombani namimina maji mkononi nikasikia redio ya ukumbini imenyamaza. Nikakimbia miguu mitupu, maji yananichuruzika, nikakuta maneno mekundu kwenye kioo. Mara adhana ikaanza, ikatoka nzuri kabisa, bila mkwaruzo.

Nilimwambia mtangazaji, adhana ikiisha tu afungue maikrofoni asome mwenyewe. Akanijibu kuwa hotuba imeingia na yeye hana ruhusa ya kuikata, nimuulize Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa msikitini. Nikampigia Khamis, simu yake haipokelewi, alikuwa makaburini. Nikampigia mwenye duka wa Kiwengwa kwa namba aliyoniachia Khamis, nikampata baada ya kuhangaika sana. Akasema, "Bibi, mimi niliona redio inasoma vifo, nikajua waliopo ufukweni wamesikia na keshaambiwa. Nikafunga nikaenda kusali." Alimfuata Miza majini hapo hapo, Mungu amlipe. Lakini kutoka kule mbali kwenye mwani mpaka ufukweni, mpaka gari, mpaka mjini na barabara ile ya mvua, alifika watu wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani.

Alikuja redioni siku chache baadaye na Khamis. Nilidhani amekuja kunitukana, na wallahi ningefurahi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imechubuka kwa kamba za mwani. Alikaa kitini akasema, "Nataka kulisikia."

Nikamuuliza nini.

"Tangazo langu. Kaka ananambia lilisomwa, nyinyi mnanambia halikutoka. Mimi sifahamu. Nnataka kulisikia."

Kulicheza kwenye kompyuta ya studio sikuthubutu, maana adhana ya alasiri ilikuwa karibu na nilijua nani yuko ndani. Nikalihamishia kwenye simu yake. Akaiweka sikioni. Sauti ya Maalim nilikuwa naisikia kidogo kidogo nilipokaa: habari imfikie binti yake Miza, aliyeko Kiwengwa. Alilirudia. Akalirudia tena. Kisha akaniangalia.

"Kumbe mliniita," alisema.

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima, na yeye ndiye aliyenyanyuka kunifuta machozi kwa mtandio wake.

Nikarudi kwa Mkurugenzi. Safari hii nilikwenda kwanza kwa imamu wa msikiti wetu, nikamweleza. Imamu akasema kumfikishia mtu habari ya maiti wake ni haki, na adhana haipungukiwi kitu kwa kusubiri tangazo moja. Nikayapeleka maneno hayo kama yalivyo. Nikapeleka na programu ya adhana niliyoiandika upya nyumbani, inayouliza kabla ya kujifungia. Niliijaribu mwezi mzima kwenye kompyuta yangu, ikafanya kazi. Mkurugenzi akaniuliza, "Kwani kuna mwengine aliyelalamika?" Nikamwambia anayekosa tangazo hajui kuwa amelikosa, atalalamika nini? Akasema atalifikiria. Mhandisi Mkuu, aliyekuwa upande wangu, akahamishwa. Aliyekuja badala yake akanambia mfumo unafanya kazi, tusiuchokoze.

Miaka yangu iliyobaki niliifanya kuwa mlinzi. Kila adhuhuri nilikaa mbele ya kile kioo wenzangu wakienda kutia udhu, nikasali peke yangu baadaye. Tangazo likikaribia kukwama nililivuta mbele kwa mkono. Vijana wa studio walinitania kuwa Bi. Rahma kaoana na kompyuta. Nikawacheka nao. Sikuugua siku moja nikathubutu kulala nyumbani, niliugua nikaja. Nilipostaafu walinipa keki na saa ya ukutani, wakapiga picha. Kijana aliyerithi kiti changu nilimkalisha nikamweleza yote haya tangu mwanzo. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, Bibi." Siku ya pili nilipita kuchukua mwavuli wangu saa ya adhuhuri, nikakuta chumba kitupu na maji yanamwagika bombani.

Mnaniuliza kazi ya programu imenifunza nini. Ningependa kuwapa neno zuri mwende nalo. Sinalo. Niliijua dawa, niliitengeneza, iko mpaka leo kwenye kompyuta yangu chumbani, na haijasaidia mtu hata mmoja. Mnapoandika programu ya kushika kifaa, ifunzeni kuachia. Haya nayasema kila mara, na nyinyi mnaitikia kwa adabu kama yule kijana.

Mwaka uliopita kaka yangu mkubwa alifariki. Alifariki alfajiri, maziko tukayapanga alasiri. Nyumba ikajaa. Mpwa wangu mmoja akaniambia, "Shangazi, tuandikie tangazo nilipeleke redioni, wewe ndiye unayejulikana huko." Nikakataa. Nikawaita vijana wote wenye pikipiki, nikawagawa: wewe Makunduchi, wewe Nungwi, wewe Jozani ukamtafute mtoto wa marehemu anayetembeza watalii msituni, hata akiwa na wageni umtoe. Wakabaki wananitazama. Yule mpwa akauliza, "Shangazi, si umefanya kazi redioni maisha yako yote?"

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Haya, pandeni."